Kabla Hujapanda Bleaklow Kuyaona Mabaki ya Ndege

Asubuhi ya tarehe 3 Novemba 1948, ndege kubwa ya jeshi la anga la Marekani, aina ya B-29, iliruka kutoka kambi ya Scampton, Lincolnshire, kwenda Burtonwood karibu na Warrington, ikiwa na barua na fedha za mishahara ya wanajeshi. Ni safari fupi, haifiki nusu saa. Katikati ya kambi hizo mbili ipo safu ya vilima vya Pennines, na siku hiyo vilima vilikuwa vimefunikwa na mawingu. Ndege ikashuka kabla haijavivuka. Watu wote 13 waliokuwamo walikufa juu ya kilima cha Bleaklow, na mabaki ya ndege yao yapo palepale hadi leo.

Watu wengi hupanda kuyaona. Makala haya nawaandikia Waswahili wenzangu mnaoishi Manchester, Sheffield na miji ya jirani, na ndugu wanaokuja kuwatembelea, maana nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Ni mwendo mfupi tu, tutakwenda Jumapili na watoto." Ni kweli ni mwendo mfupi. Lakini wingu lililoipoteza ndege ile bado linashuka pale, tena bila kubisha hodi, na mtu anayetembea kwa miguu hupotea kwa sababu zilezile zilizompoteza rubani: haoni mbele, anadhani ameshapita mahali ambapo bado hajapafika, na anaamini dhana yake kuliko chombo alichokishika mkononi. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayosema yatakuwa mepesi.

Mtu aliyekulia Moshi akiiona Kilimanjaro kila alfajiri hawezi kutishwa na Bleaklow. Sehemu yake ya juu kabisa ina mita 633 tu, na haina kilele cha kuonyesha kwa kidole. Ni uwanda mpana ulioinuka, mweusi na wa kahawia, wenye upepo mwingi na usio na mti. Ugumu wake hauko kwenye kupanda. Uko kwenye ardhi yenyewe, ambayo ni mboji: mabaki ya mimea yaliyolowa maji na kuoza nusunusu kwa maelfu ya miaka, mpaka yakawa tabaka nene la udongo mweusi. Maji yameikata mboji hiyo kuwa makorongo mengi yanayopindapinda na kuingiliana, mengine yakiwa na kina kinachompita mtu mrefu. Ukishuka ndani ya korongo huoni chochote isipokuwa kuta mbili nyeusi na kipande cha anga. Ukipanda upande wa pili, unakuta korongo jingine linalofanana na lile ulilotoka. Baada ya matatu au manne, mtu hodari kabisa hajui tena ameelekea wapi.

Ndege ile ya 1948 haikuwa ya kwanza kuangamia hapo. Tarehe 18 Mei 1945 ndege ya Lancaster ya jeshi la anga la Kanada ilianguka James's Thorn, bega la kilima hichohicho, wakafa vijana sita. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha siku kumi tu zilizotangulia. Julai 24 mwaka huohuo ikafuata Dakota ya Wamarekani iliyokuwa na watu saba, mwendo mfupi kutoka hapo. Sababu yake haina uchawi wowote. Mashariki kuna tambarare ya Lincolnshire, magharibi kuna tambarare ya Lancashire, na katikati vilima vinavyopokea mawingu yote yanayotoka Atlantiki. Rubani wa miaka ile akikosa kuona ardhi alikadiria mahali alipo kwa kutumia saa, mwendo na mwelekeo, na upepo ukibadilika hesabu huharibika bila yeye kujua. Kwetu Afrika Mashariki tunaijua huzuni ya namna hiyo: Mei 1955 Dakota ya shirika la East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro, na abiria na wahudumu 20 hawakurudi.

Sasa tuingie katika maandalizi. Njia fupi huanzia kwenye kilele cha barabara ya A57, mahali panapoitwa Snake Pass, yapata mita 510 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi kwenye mabaki na kurudi ni kilomita 6 au 7, na unapanda kama mita 110 tu. Sehemu ya kuegesha magari ni ndogo na hujaa mapema siku za mapumziko. Ukikuta imejaa, usibane gari ukingoni mwa barabara, maana ile barabara ina kona nyingi na magari yaendayo kasi. Theluji ikianguka hufungwa, kwa hiyo uliza hali yake kabla hujatoka nyumbani. Asiye na gari apande treni kutoka Manchester Piccadilly hadi Glossop, kisha aifuate njia ya kale ya Doctor's Gate kupitia bondeni. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na simshauri mtu aianze nayo safari yake ya kwanza.

Kuhusu muda, kuna kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo ungekwenda na kurudi kwa saa moja na nusu. Usikubali. Kanuni ile ni ya mtu mzima mwenye afya kwenye ardhi nzuri. Mboji itakutoza mara mbili. Tenga saa nne, ukihesabu na muda wa kukaa pale juu, na ukiwa na watoto au mzee ongeza. Mwezi Desemba jua huzama Manchester kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mtu anayeondoka nyumbani baada ya chakula cha mchana amekwisha kuchelewa. Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Anayeswali atie udhu kabla ya kuacha gari na achukue mkeka mwepesi usiopenya maji, kwa kuwa pale juu ni nadra kupata pakavu pa kupiga magoti. Na akumbuke kwamba wakati wa baridi adhuhuri na alasiri hukaribiana sana.

Mavazi ni jambo ambalo wengi wetu tunalikosea kwa kupenda kupendeza. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki, inazidi uzito na inanyonya joto la mwili. Fulana ya pamba ni hivyohivyo. Vaa nguo nyepesi kadhaa zinazopandana, za sufu au za nyuzi zinazokauka upesi, na juu yake koti la mvua la kweli, siyo lile la kujikingia manyunyu ya mjini. Dada au mama anayevaa baibui au gauni refu avae lililo fupi kidogo juu ya suruali, kwa sababu pindo likikokota kwenye mboji litafyonza maji meusi mpaka limfanye ashindwe kuinua miguu. Buti ziwe za kufika juu ya kifundo, na soli yake iwe na meno. Beba kofia na glavu hata mwezi wa Julai. Themosi ya chai ya tangawizi haina uzito wa kulalamikia, na mkate wa kumimina au maandazi yatakufaa kuliko biskuti. Beba pia tochi ya kichwani, filimbi, na nguo moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambayo hutaigusa mpaka shida itokee.

Ramani ya karatasi ni ya lazima. Chukua ile ya Ordnance Survey, OL1, ya Dark Peak, yenye kipimo cha 1:25,000. Simu itumie, sikukatazi. Programu za ramani ni msaada mkubwa. Lakini baridi huimaliza betri haraka, kioo kikilowa hakitii kidole, na sehemu nyingi za Bleaklow hazina mtandao. Simu iwe ndani ya koti, karibu na mwili, na ramani iwe mkononi.

Ukitoka Snake Pass kuelekea kaskazini unafuata Pennine Way, njia ndefu ya taifa inayoanzia Edale hadi mpakani na Uskoti, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1965. Mwanzo wake umetandikwa mawe makubwa ya bapa ili miguu ya watu isiendelee kuila mboji. Mawe mengi ya namna hiyo kwenye Pennines yalikuwa sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Mimi hupenda kuyatazama, nikikumbuka kwamba kanga nyingi za bibi zetu zilichapishwa Manchester kabla viwanda vya kwetu havijaanza. Baada ya mawe njia inaingia kwenye mfereji wa kale uitwao Devil's Dike, na mbele zaidi inakutana na kijito cha Hern Clough. Hapo ndipo akili inatakiwa. Mabaki yako upande wa magharibi, mkono wako wa kushoto, na lazima uiache njia kuu uyafuate. Siku ya jua utaona nyayo za waliokutangulia. Siku ya ukungu nyayo ni nyingi na zinaelekea kila upande, kwa sababu kila aliyepotea naye aliacha zake.

Kwa hiyo jifunze dira kabla ya siku hiyo, katika bustani ya karibu na kwako. Weka dira juu ya ramani, ukingo wake uunganishe ulipo na unapokwenda. Zungusha duara lake mpaka mistari iliyomo ilingane na mistari ya ramani inayoelekea kaskazini. Kisha ishike mbele ya kifua na ugeuke mwili mzima, si mkono peke yake, mpaka sindano nyekundu iingie katika alama yake. Mshale mkubwa sasa unakuonyesha njia. Usitembee ukiikodolea macho dira. Tafuta jiwe au kichaka kilicho kwenye mstari huo, hatua ishirini au thelathini mbele, nenda mpaka hapo, kisha angalia tena. Ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutoona jiwe, mtangulize mwenzako kidogo, umwambie kushoto au kulia mpaka asimame kwenye mstari, kisha umfuate. Korongo likikukatiza, shuka, panda upande wa pili palepale, na upime upya. Kishawishi ni kulifuata korongo kwa kuwa chini yake ni rahisi kutembea. Likatae, litakupeleka linakotaka lenyewe.

Lipo jingine ambalo sijaona wengi wakilisema. Mashine za ndege na miguu ya magurudumu zina chuma kingi, na chuma huivuta sindano ya dira. Ukiwa kando ya mabaki, dira inaweza kukudanganya. Tembea hatua kadhaa mbali na vyuma ndipo upime mwelekeo wa kurudi.

Alama yako kubwa ni nguzo ya zege ya wapima ramani iliyosimama Higher Shelf Stones, kwenye mita 621. Mabaki yako kama mita 200 kaskazini-mashariki yake. Ukiipata nguzo umeyapata mabaki. Lakini usiipite kuelekea magharibi katika ukungu, maana ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bondeni na kuna miamba. Ukihisi umepotea, elekea mashariki mpaka ukutane na Hern Clough, ambapo Pennine Way hupita, na urudi nayo kusini. Usikifuate kijito chenyewe kwenda chini ukidhani maji yatakufikisha barabarani. Yale yanateremka kwenye bonde la Alport, mbali na gari lako na mbali na watu.

Ukifika, utaijua sehemu kwa ung'avu wake. Alumini haipati kutu kama chuma, kwa hiyo vipande vya mwili wa ndege bado ni vyeupe juu ya udongo mweusi, na mistari ya ribiti inaonekana moja moja, imenyooka kama fundi alivyoiacha. Mashine zimelala zimezama nusu. Inama uitazame moja kwa utulivu: kila mashine ya B-29 ilikuwa na silinda 18, safu mbili za tisa tisa zimeuzunguka mhimili, na kila silinda ina mapezi membamba ya kupoza joto. Katikati ya mapezi hayo sasa kuna mboji na ukoga. Vyuma vya pua vimekuwa vya kahawia na vinabanduka kwa magamba. Ukitazama eneo lote mabaki yalipotapakaa, utapata kadirio la ukubwa wa kitu kilichoanguka. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 43 kutoka ncha hadi ncha.

Ndege hii ilikuwa ya upigaji picha. Iliitwa Over Exposed, na miaka miwili kabla ya kuanguka ilikuwa miongoni mwa ndege zilizopiga picha za majaribio ya mabomu ya atomiki katika visiwa vya Bikini, Julai 1946. Watu wake walitolewa pale na kikosi cha uokoaji milimani cha jeshi la anga la Uingereza, kwa hiyo hapana makaburi. Lakini ni mahali pa mauti, na nakuomba upatendee hivyo. Kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1988, na watu huacha misalaba midogo ya mbao na yale maua mekundu ya karatasi ambayo Waingereza huvaa kila Novemba kuwakumbuka waliokufa vitani. Soma maandishi ya jiwe. Waambie watoto ni nani walikufa hapa kabla hawajaanza kukimbia. Usipande juu ya mashine ili upigwe picha, na usiwaruhusu wao pia; pamoja na utovu wa heshima, kingo za alumini iliyochanika hukata nyama hadi mfupa. Anayetaka kuomba dua aombe. Picha piga, lakini ya kuonyesha mahali, siyo ya kujionyesha.

Wala usichukue kitu. Hata skrubu. Chini ya sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi, kila ndege ya jeshi iliyoanguka Uingereza inalindwa, na kuondoa kipande au kuchimba bila kibali ni kosa la jinai. Sheria iache kando kidogo. Miaka mingi baada ya ajali, pete ya ndoa ya nahodha iliokotwa ndani ya mboji ileile. Kila kipande pale kina mwenyewe, hata kama mwenyewe hayupo.

Mboji nayo ina haki yake. Moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield uliua mimea ya ukoga iliyokuwa ikiishika, na kwa miongo mingi Bleaklow ilikuwa jangwa jeusi linalomomonyoka. Tangu 2003 mradi wa Moors for the Future umekuwa ukirudisha mimea, kuziba makorongo na kupanda upya, hata kwa kubeba mizigo kwa helikopta. Pita kwenye mawe palipo na mawe. Usiwashe moto wala jiko la mkaa, hata ukipata mahali panapoonekana salama. Moto ukiingia ndani ya mboji huungua chini kwa chini kwa siku nyingi, na mwaka 2018 moto wa Saddleworth, upande wa pili wa bonde, uliwahamisha watu majumbani mwao. Mwenye mbwa amfunge kamba kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, ndege wanapotaga chini. Ukikaa kimya utawasikia ndege hao, na ukibahatika utaona sungura wa milimani, ambaye wakati wa baridi hugeuka mweupe. England yenyewe haina sehemu nyingine wanakoishi ila vilima hivi.

Jambo likiharibika, mtu akivunjika mguu au giza likiwakuta hamjui mlipo, piga 999, omba polisi, kisha waambie mnahitaji uokoaji wa milimani. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu najua baadhi yetu huogopa kupiga: huduma hiyo hailipishwi hata senti moja, na wanaokuja ni watu wanaojitolea kutoka vijiji vya jirani. Kabla ya safari tuma neno "register" kwenda 999 ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale mtandao unapokuwa hafifu. Filimbi hupulizwa mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Vaa ile nguo kavu, kalieni begi badala ya kukaa chini, kaeni pamoja.

Na mpe mtu wa nyumbani ratiba kabla hujaondoka: mmekwenda wapi, njia gani, mko wangapi, na saa ambayo akiwa hajawasikia apige simu polisi. Ukifika mlimani ukakuta wingu limekaa juu ya Bleaklow na huna uhakika na dira yako, geuza gari mkanywe chai Glossop. Mabaki yamekaa pale tangu 1948 na hayahami. Mkipanda na kurudi salama, jambo la kwanza mkipata mtandao ni kumpigia yule uliyemwachia ratiba, kabla hata ya kuvua buti, maana saa yake inahesabu.